Ungo wa Sultani Shehali

Hapo zamani, katika mji wa Kikunguni, palikuwa na sultani aitwaye Shehali, mtu mwembamba kama ufito. Hakuwa mwembamba kwa kukosa, la. Jikoni mwake palipikwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Alikuwa mwembamba kwa sababu kila chakula alikiona kina kosa. Ukiletwa wali akakuta punje moja iliyovunjika, husema, "Rudisheni." Akiletwa kuku, humtazama kwa muda mrefu, kisha husema, "Kuku huyu alikuwa na kiburi. Rudisheni." Ikawa sinia zaingia zimejaa na zatoka zimejaa, na walionenepa katika jumba lile ni wale waliosimama kati ya sinia na jiko. Wa kwanza wao alikuwa Waziri Mselem, ambaye kwa ajili yake milango miwili ilibomolewa ikajengwa upya, naye bado alipita kwa ubavu.

Sultani alirithi kwa marehemu mama yake vitu vitatu: kiti, mji na sufuria. Sufuria ilikuwa ya shaba, kubwa hata mpishi huikoroga akiwa juu ya kigoda. Ilikaa langoni pa jumba, na kila Ijumaa baada ya sala ilipikwa wali na kunde, akala kila mwenye njaa. Marehemu aliipa jina, akaiita Haiulizi, na siku ya kufa kwake aliusia, "Sufuria haina masikio, basi na mchotaji asiwe na mdomo." Mpishi mkuu, Bi Mwaka, akaushika wasia huo. Alichota, akajaza, akasema, "Anayefuata." Hakuna aliyesikia neno lingine kwake penye sufuria siku ya Ijumaa.

Katika safu ya wenye bakuli alikuwamo mtu mmoja jina lake Ngwali. Ngwali hakuwa na kazi, wala shamba, wala mke, na alikuwa na kiatu kimoja tu. Leo alikivaa mguu wa kulia, kesho wa kushoto, ili, asemavyo mwenyewe, miguu isije ikagombana. Watu walimwita mjinga, lakini walipokuwa na jambo zito walimfuata kwa siri.

Na mbele ya Ngwali, Ijumaa moja, alisimama Pandu, baba wa watoto watano.

Basi siku ile Sultani alichungulia dirishani, akamwona Pandu na bakuli lake, uso ukamwiva. Akashuka hadi langoni, Waziri nyuma yake akihema.

"Ewe Pandu," akasema Sultani, "mwaka jana si nilikupa punda, ubebe maji, ulishe wanao?"

"Ulinipa, Seyyid. Mungu akuzidishie."

"Yuko wapi?"

"Nilimweka kwenye bao, Seyyid. Amechukuliwa na Mzee Faki."

"Punda wangu! Kwenye bao!"

"Kete zilikuwa zimenijaa nyumbani, Seyyid, mpaka nikamwonea huruma Mzee Faki. Hata leo sijui zilikwendaje."

Watu wakaangua kicheko. Mke wa Pandu, aliyesimama kando na watoto, hakucheka. Aliinamisha kichwa, akafunga pindo la kanga yake, akalifungua, akalifunga tena.

Waziri Mselem akainama sikioni mwa Sultani, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi sokoni, "Seyyid, nilikwambia. Wanaokula hapa si wanaostahili. Huyu mcheza bao, yule mvivu, yule pale alifukuzwa na mkewe. Tunawalisha makosa yao."

Sultani akapiga mguu chini. "Kuanzia leo Haiulizi itauliza! Ijumaa ijayo watakula wanaostahili, na asiyestahili asionje hata punje. Nani atanitengea watu hawa?"

Watu wakatazama mabakuli yao. Hapo ikasikika sauti ya Ngwali: "Bi Mwaka, nichotee, wali wapoa."

"Wewe!" akasema Sultani. "Wewe uitwaye mwerevu kwa mlango wa nyuma! Wewe ndiwe utakayewatenga. Asile asiyestahili hata mmoja, wala asikose anayestahili hata mmoja. Ukikosea, Jumamosi alfajiri mtatolewa nje ya mji, wewe na Pandu na mkewe na watoto wake, mkabishane na nyika." Nyika ile ilikuwa mwendo wa siku nne bila kisima, na mdogo wa watoto wa Pandu alikuwa hajaanza kutembea.

Ngwali akaweka bakuli chini. "Seyyid, moyo wa mtu hauna dirisha. Nitamjuaje anayestahili?"

"Wanawake jikoni hutenga mchele na makapi huku wakipiga soga, nawe washindwa na watu? Wapepete! Wapepete kama mchele upepetwavyo. Atakayebaki anastahili, atakayeruka na aruke!"

"Kama mchele upepetwavyo, Seyyid?"

"Vivyo hivyo."

"Isipungue hatua hata moja?"

"Isipungue!"

"Na ni hawa wa safu tu, au watu wote wa mji?"

"Wote! Asisazwe mtu."

"Basi naomba iandikwe, ipigwe muhuri, maana mimi ni mjinga, husahau."

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Na Sultani Shehali, katika umri wake wote, hakuwahi kushika ungo, wala kukaa karibu na mwenye ungo. Hekaya yetu imesimama juu ya jambo hilo.

Kesho yake Ngwali akaenda jikoni kwa Bi Mwaka, akamkuta yu juu ya mkeka, ungo mapajani, mchele unaruka na kurudi kama uliofugwa.

"Shikamoo Bi Mwaka. Nifunze kupepeta."

"Marahaba. Mwanamume na ungo? Utaumwaga mchele mpaka kwa majirani, waje kunishukuru."

"Nifunze hivyo hivyo, mama yangu. Watu wanane watakwenda nyikani nisipojua."

Bi Mwaka akamtazama, akasogea, akampa nafasi mkekani. Akamwonyesha jinsi ya kurusha, ya kupokea, ya kutikisa pembeni. Makapi yakapeperuka yakaanguka chini. Ngwali akayakusanya ayatupe nje, na hapo akapigwa mwiko wa mkono, pa!

"Nani amekufunza kutupa?" akasema Bi Mwaka. "Weka hapo!" Kisha akamweleza jambo ambalo kila mwanamke wa Kikunguni alilijua tangu utoto, na ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kuliuliza. Ngwali akasikiliza. Alipoondoka alikuwa akichekacheka peke yake, na kiatu amekivaa mkononi.

Akaenda kwa wasusi wa nyungo. "Nataka ungo," akasema.

"Wa kiasi gani?"

"Wa Waziri Mselem."

Wasusi kumi na wanane wakasuka siku tano. Miyaa ya ukindu ikaisha mjini, ikatumwa watu mashambani. Mviringo wake ukafungwa kwa mianzi iliyounganishwa mara sita. Ulipokamilika, ulikuwa mpana kama ua wa nyumba, na mbuzi watatu walikuwa wamekwisha kuzaa ndani yake.

Ikafika Ijumaa. Mji wote ukakusanyika langoni. Upande mmoja sufuria yatokota, upande wa pili, penye zizi la farasi, pamerundikwa kilima cha majani makavu ya mpunga, na katikati umewekwa ungo. Wanawake arobaini wameuzunguka, vilemba vichwani, kanga zimefungwa kibwebwe, na Bi Mwaka ndiye kiongozi wao. Sultani ameketi kitini chini ya mwavuli.

"Hiki nini?" akauliza.

"Ungo, Seyyid," akasema Ngwali. "Waraka wasema kama mchele upepetwavyo. Naanza na wakubwa, ili wadogo wapate mfano. Waziri Mselem, karibu ndani."

"Mimi?" Waziri akasema. "Mimi si masikini!"

"Waraka wasema asisazwe mtu, bwana wangu. Vua viatu, usiuchafue ungo."

Waziri akamtazama Sultani. Sultani akatazama muhuri wake. Basi Waziri akaingia, akaketi katikati, na ungo ukalia kama mlango wa ghala. Bi Mwaka akainua sauti, na wanawake wakaitikia:

*Pepeta, ungo, pepeta,*
*kizito kikae, chepesi kipae!*
*Pepeta, ungo, pepeta,*
*cha kwetu kikae, cha upepo kipae!*

Wakanyanyua. Mishipa ikawatoka shingoni. Waziri akapanda kiasi cha upana wa kidole, akashuka, tii! na vumbi likaruka, na tai aliyekuwa juu ya paa akahama.

"Amebaki!" akalia Ngwali. "Anastahili wali wa masikini! Mkalisheni mkekani."

Akafuata kadhi, aliyekuwa na kitambi cha heshima. Tii! Akabaki. Akafuata tajiri wa karafuu, na tajiri wa ng'ombe, na mkuu wa forodha. Tii, tii, tii! Akafuata mnusaji wa sinia za Sultani, na msaidizi wa mnusaji. Wakabaki wote. Ikawa saba wameketi mkekani mbele ya sufuria, kila mmoja ana bakuli la mti mapajani, wakiangalia chini.

Kisha ikaja zamu ya safu. Aliingia ajuza mmoja, wanawake wakarusha kidogo tu, ajuza akapaa kama unyoya, akapita juu ya mwavuli wa Sultani akisema, "Laiti marehemu mume wangu angeniona!" akatua kwenye majani. Akaja kiwete, akapaa. Akaja mtu aliyefukuzwa na mkewe, akapaa, akaonana na mkewe hewani, maana naye alikuwa na njaa, wakaanza kugombana kabla hawajatua. Mchukuzi wa kuni akapaa na kuni zake. Akaja Ngwali mwenyewe, akapaa na kiatu chake, akarudi mbio kuendelea na kazi.

Akaja Pandu na jamaa yake. Walipanda wote saba kwa pamoja, wameshikana mikono, watoto wakipiga kelele za furaha, "Tena! Tena!" Mama yao hakupiga kelele. Alipotua alimkumbatia yule mdogo, akatazama lilikokuwa lango la mji.

Jua likaanza kuinama. Ngwali akaja mbele ya kiti, akainama.

"Seyyid, amri yako imetimia. Mji wote umepepetwa. Wanaostahili wali wa masikini ni saba, hao hapo. Bi Mwaka, wachotee."

Bi Mwaka akachota. "Anayefuata," akasema. Na Waziri Mselem akala, mbele ya mji mzima, wali na kunde za masikini. Vijana wakampigia vigelegele.

Sultani akasimama. "Ewe mjinga! Hawa wameshiba tangu jana!"

"Ndiyo maana walibaki, Seyyid."

"Na wale walioruka ndio wenye njaa!"

"Ndiyo maana waliruka. Njaa ndiyo iliyowapunguzia uzito. Mimi sikuongeza kitu."

"Umenifanyia shere! Kesho alfajiri utatoka nje ya mji, na Pandu na jamaa yake!"

Mke wa Pandu akatoa sauti ndogo, akajiziba mdomo. Ngwali akainama zaidi.

"Nitatoka, Seyyid. Lakini waraka wasema asisazwe mtu, na yupo mmoja aliyesazwa. Tukimwacha, nitakuwa nimeivunja amri, na huko nyikani sitapata usingizi."

"Nani huyo?"

Macho ya watu, na ya farasi zizini, yakaelekea mahali pamoja.

Sultani Shehali alikuwa na makosa yake, lakini hakuwa mtu wa kukana muhuri. Akashuka kitini, akajikung'uta. "Nitaingia," akasema. "Nami nitabaki, mtaona. Sultani ana uzito wa mji mzima."

Akaingia, akaketi katikati ya ungo ule, akaonekana mdogo kama punje ya mtama. Bi Mwaka akasema, "Bismillahi. Polepole, jamani, huyu mlezi wake alikuwa rafiki yangu." Wakaimba. Wakarusha, polepole kabisa, kama mtu apepetavyo mchele wa mgonjwa.

Sultani akaondoka.

Alipaa juu ya mwavuli, juu ya kiti, juu ya moshi wa sufuria. Kilemba chake kikamvuka kichwani, na kwa kuwa kilikuwa na vito vya thamani, kilirudi ungoni, tii!

"Kilemba kimebaki!" akalia Ngwali. "Kinastahili!" Na Bi Mwaka, bila kucheka, akakibeba kilemba, akakiweka mkekani kati ya kadhi na Waziri, akakichotea bakuli la wali.

Sultani mwenyewe alitua kwenye majani ya mpunga, kichwa wazi, mguu mmoja juu, ubavuni pa Pandu.

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka au kukimbia. Pandu alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma, cha mwisho, alichokifunga katika ncha ya shuka yake tangu asubuhi. Alikuwa amekwisha kuwagawia mkewe na watoto, na kwake kimebaki kiasi cha kidole gumba. Akamtazama mtu aliyeanguka. Akakivunja kile kidole gumba katikati, akampa nusu.

"Kula, Seyyid," akasema. "Kuruka kule kunatia njaa. Umeumia?"

Sultani akautazama muhogo. Ulikuwa na majivu upande mmoja na alama ya jino la mtoto upande wa pili. Watu wakangoja neno lile walilolizoea, Rudisheni. Lakini Sultani alikuwa amepaa juu ya mji wake mwenyewe, na tumbo lake lilikuwa bado halijashuka. Akautia muhogo mdomoni, akautafuna na majivu yake, akameza.

Ngwali akasema, "Ewe Pandu, unampa chakula mtu aliyerushwa na ungo? Umemuuliza kwanza kosa lake?"

Pandu akashangaa. "Nimuulize nini? Si nimemwona akianguka?"

Basi Sultani akainama akawa kama mtu anayetafuta kitu kwenye majani. Hata aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Sheria yangu yasema aliyeruka asile. Nami nimeruka, nami nimekula. Ngwali, mimi ni kapi."

Hapo Bi Mwaka akatupa mwiko chini. Penye sufuria hakuwahi kusema neno jingine siku ya Ijumaa, lakini siku ile alisema.

"Nani amewaambia kazi imekwisha?" akasema, mikono kiunoni. "Wanaume mna haraka! Mchele haupepetwi mara moja. Makapi yakianguka huruka na punje nzima ndani yake, tena nyingi. Hukusanywa yote, hurudishwa ungoni, hupepetwa tena. Mwanamke anayetupa makapi kwa mpepeto mmoja, Kikunguni hapa haolewi."

"Na mara ya pili zikiruka tena?" Sultani akauliza.

"Mara ya tatu."

"Na ya tatu?"

"Mkono wangu umekatika? Ya nne."

"Hata lini, Bi Mwaka?"

"Hata ibaki pumba tupu. Na pumba nayo siitupi, nawapa kuku. Na kuku wakinona nawachinja, nakuletea wewe, nawe wanirudishia ukisema wana kiburi. Na zile punje zilizovunjika unazozikataa, ndizo nizitwangazo unga wa vitumbua, na vitumbua ndicho kitu pekee ulacho ukamaliza. Jikoni kwangu, mwanangu, hakijatupwa kitu mwaka wa arobaini huu."

Ngwali akaukunjua waraka, akasoma kwa sauti, "Isipungue hatua hata moja."

Sultani akamtazama Ngwali, akautazama waraka, akakitazama kilemba chake kilichoketi mbele ya bakuli la kunde karibu na Waziri. Kicheko kikaanza kumtoka puani, kikashuka kifuani, kikamwangusha chali kwenye majani, akacheka hata kwikwi ikampata na watoto wa Pandu wakampiga mgongoni. Mji wote ukacheka naye, na ungo mtupu ukatikisika.

Alipopata pumzi akasema, "Haiulizi na irudie jina lake. Wachotee wote, Bi Mwaka, na mimi unichotee nikiwa hapa hapa. Na huyu Pandu apewe punda."

Waziri Mselem, kunde kidevuni, akasema, "Seyyid, je, akimweka tena kwenye bao?"

"Nitampa mwingine. Na punda wakiisha, nitampa wewe, umbebee maji."

Mke wa Pandu akaketi chini palepale. Akafungua pindo la kanga, asilifunge tena.

"Nawe, Ngwali, unataka nini?" akauliza Sultani. "Kiatu cha pili?"

"La, Seyyid, miguu yangu imekwisha kupatana. Nipe ungo. Nyumba yangu haina paa."

Akapewa ungo, ukafunika nyumba yake na nyumba za majirani wawili, na mvua ikinyesha hukaa chini yake watu wengi, wala hakuna anayeulizwa ametoka wapi.

Ama Pandu, yule punda wa pili hakumcheza bao. Alilala naye njiani, akaamka peke yake. Watu walicheka sana. Yule wa tatu ndiye aliyezeeka naye, na watoto wake watano walikunywa maji, wakala, wakakua.

Hekaya yangu nimeirusha, nimeipokea. Punje mtakazozipata, kuleni. Makapi msiyatupe, nirudishieni, nami nitayapepeta tena.